Skrini Moja kwa Kazi na Michezo: Vipimo vya Umbali na Muda katika Pwani ya Kismayu

Skrini kubwa yenye ubainifu wa juu, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni ile ambayo ulalo wake, yaani mstari unaopimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoikabili, unafika inchi 40 au kuzidi kidogo, na ambayo kioo chake kimegawanyika katika nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Nukta hizo huitwa pikseli, nazo ndizo chembe ndogo kabisa za mwanga ambazo kompyuta inaweza kuziwasha, kuzizima au kuzibadilisha rangi; ubainifu, basi, ni idadi ya pikseli hizo katika kioo kizima. Kiwango hiki, ambacho wauzaji hukiita 4K, kina jumla ya pikseli 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili ya pikseli 2,073,600 zilizomo katika skrini iliyozoeleka ya nukta 1,920 kwa 1,080.

Katika mji wa Kismayu, kusini mwa Somalia, na katika Visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kusini yake, vikiwemo Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, kuelekea Ras Kiamboni kwenye mpaka wa Kenya, kuichagua skrini ya namna hii ni jambo la kufikiriwa kwa makini kuliko katika miji ambayo umeme wake ni rahisi na maduka yake yako jirani. Umeme wa Somalia huuzwa na makampuni binafsi kwa bei iliyo miongoni mwa bei za juu kabisa duniani, na vifaa vingi huja kwa bahari, hivyo kosa la ununuzi si jepesi kulirekebisha. Nyumba iliyojikusuru ikanunua skrini moja haitarajiwi kununua ya pili. Ile moja itamtumikia anayefanya kazi mchana, na usiku itawatumikia wanaocheza. Sura hii inashikilia kwamba skrini moja kubwa inaweza kuubeba mzigo wote huo na kuubeba vizuri, ila kwa sharti kwamba mnunuzi apime mambo mawili ambayo hayatangazwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: umbali uliopo kati ya jicho na kioo, na muda unaopita kati ya amri ya mkono na mabadiliko ya picha. Kipimo cha kwanza ndicho kinachoamua kama kazi itafanyika kwa raha. Cha pili ndicho kinachoamua kama mchezo utachezeka.

Umbali wa jicho

Jicho lenye afya, kwa kipimo ambacho wataalamu wa macho wamekitumia tangu karne ya 19, huweza kutenganisha vitu viwili ikiwa pembe iliyopo kati yao haipungui dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kanuni hiyo ikipelekwa kwenye skrini ya inchi 43 yenye ubainifu wa 4K, ambayo upana wake ni karibu sentimita 95 na kila pikseli yake ina upana wa karibu robo ya milimita, hesabu inaonyesha kwamba mtu aliyeketi sentimita 85 kutoka kwenye kioo yuko mpakani kabisa: akisogea mbele ataanza kuziona nukta zenyewe, na akirudi nyuma ataanza kupoteza vijambo vidogo alivyovigharimia. Kwa skrini ya inchi 32 yenye pikseli idadi ileile mpaka huo uko kwenye sentimita 63 hivi, na kwa ile ya inchi 55 unasogea hadi kupita mita moja.

Tarakimu hizi zina maana kubwa kwa mtu anayepima meza yake. Meza ya kawaida yenye kina cha sentimita 60 humweka mtumiaji karibu mno na kioo cha inchi 43, kwa sababu kitako cha skrini nacho hula sehemu ya kina hicho, na hapo mtu hulazimika kugeuza shingo huku na huku kufuata maandishi kutoka ukingo hadi ukingo. Hata kwenye sentimita 85 zinazofaa, upana wa kioo hujaza karibu digrii 58 za upeo wa macho, kiasi ambacho jicho hukimudu kwa kazi ya kutazama sehemu moja baada ya nyingine, lakini si kwa kusoma mstari mmoja mrefu uliotandazwa kioo kizima. Kwa hiyo skrini kubwa hudai meza yenye kina cha sentimita 80 au zaidi, au ifungwe ukutani nyuma ya meza, na ukingo wake wa juu usipande mbali juu ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Kioo cha inchi 43 kina kimo cha karibu sentimita 54, na kikiwekwa juu ya kitako kirefu humfanya mtu akae ameinua kidevu siku nzima. Dawa yake ni kukishusha kadiri inavyowezekana, na kuyaweka madirisha ya kazi kuu katikati na chini, sehemu ya juu ikaachiwa vile vitu vya kutupiwa jicho mara mojamoja.

Faida inayolipwa na usumbufu huo ni nafasi. Skrini ndogo ya inchi 27 au 28 yenye pikseli zote hizo hulazimisha maandishi yakuzwe ili yasomeke, na kukuza huko huila nafasi iliyopatikana, ambapo ile ya inchi 43 huyaonyesha maandishi kwa ukubwa wake wa asili, hivyo mtumiaji hupata kwa kweli nafasi ya skrini nne za inchi 21.5 zilizounganishwa bila fremu katikati yake. Asiyeijua tofauti hii huweza kudhani kwamba 4K ni 4K popote ilipo. Ukweli ni kwamba pikseli zilezile zikibanwa katika kioo kidogo huleta ulaini wa herufi, na zikitandazwa katika kioo kikubwa huleta uwanja.

Kazi inayodai uwanja

Uwanja huo unastahili gharama yake pale tu kazi yenyewe inapokuwa na vitu vingi vinavyopaswa kuonekana kwa pamoja. Anayeandika barua au kujaza hesabu za duka hahitaji pikseli milioni nane. Zipo, hata hivyo, kazi mbili zinazoihusu pwani hii moja kwa moja ambazo zinauonyesha umuhimu wa kioo kikubwa kuliko mfano wowote wa mbali: ramani ya visiwa vyenyewe, na maandishi ya lugha yao.

Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, hupiga picha za nchi kavu na pwani za dunia, na katika rangi zake kuu kila pikseli ya picha husimama badala ya mraba wa mita 10 kwa mita 10 ardhini. Picha hizo hutolewa bure, na programu ya ramani ya QGIS, ambayo nayo hailipiwi, huzifungua katika kompyuta ya kawaida. Kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni ni karibu kilomita 180 kwa mstari ulionyooka, nao mstari huo unateremka kuelekea kusini-magharibi, ukishuka karibu kilomita 140 kwenda kusini. Skrini ya 4K inayoonyesha picha ya Sentinel-2 bila kuipunguza, pikseli kwa pikseli, hushika eneo la kilomita 38 kwa 21 na kitu, kwa hiyo mtazamaji huumaliza mwambao wote kwa kurasa saba za kioo. Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080 hushika robo tu ya eneo hilo, na safari ileile huhitaji kurasa kumi na nne. Tofauti haiishii kwenye kuhesabu kurasa. Kisiwa, mwamba wa matumbawe unaokikinga upande wa bahari kuu, na mkondo wa maji unaokitenga na bara, vinapoingia pamoja katika kioo kimoja, jicho huuona uhusiano wao mara moja; vinapokatwa na ukingo wa skrini, mtu hulazimika kuushika uhusiano huo kichwani huku akiivuta ramani, na hapo ndipo makosa yanapoingia. Anayefuatilia mikoko ya khori za Bur Gavo katika mwambao huu, au anayelinganisha picha ya mwaka huu na ya miaka mitano iliyopita kwa kuziweka ubavu kwa ubavu, anahitaji upana huo kama mshonaji anavyohitaji meza ya kukatia nguo.

Mwambao huu una historia ndefu ya kuchorwa na kuandikwa na watu wa mbali. Mwanaanthropolojia Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya Wabajuni, ambacho jina lake la Kiitaliano linawataja kuwa ni wavuvi wa Bahari ya Hindi. Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya Kiingereza ya utafiti wa historia ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, alichapisha mwaka 1969 katika jarida la Azania taarifa ya upelelezi wake wa magofu ya pwani ya kusini mwa Somalia. Na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, mstari ambao unaanzia ufukoni mwa pwani hiihii. Leo, kwa mara ya kwanza, kijana wa Kismayu mwenye kompyuta na kioo cha kutosha anaweza kuiweka picha ya satelaiti kando ya ramani ya zamani na kuvitazama visiwa vya babu zake kwa undani ambao watafiti hao hawakuwa nao.

Kazi ya pili ni ya lugha. Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa pamoja na Chimwiini cha Barawa, kilipata pigo kubwa baada ya serikali kuu ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakati Wabajuni wengi walipokimbilia Kenya, wakaishi katika kambi za Mombasa hadi zilipofungwa katika miaka ya 1990, na baadaye wengine wakafika Uingereza na kwingineko. Mwanaisimu Derek Nurse, aliyeshirikiana na Thomas Hinnebusch kuandika kitabu cha mwaka 1993 juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, ni miongoni mwa walioandika juu ya Kibajuni kwa bidii. Kazi iliyobaki, ya kurekodi wazee na kuandika maneno yao neno kwa neno, leo hufanywa kwa programu kama ELAN, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck ya mjini Nijmegen, Uholanzi. Programu hiyo huonyesha video ya msemaji, mchoro wa mawimbi ya sauti yake, na chini yake tabaka za maandishi, tabaka moja ikiwa ni ya maneno kama yalivyotamkwa, ya pili ya tafsiri katika Kiswahili sanifu, ya tatu ya maelezo ya sarufi. Katika skrini ndogo, tabaka mbili tu huonekana na video huwa finyu kiasi cha kutoonyesha midomo. Katika kioo cha inchi 43, video, mawimbi, tabaka zote na kamusi iliyo wazi pembeni huonekana kwa pamoja, na mwandishi huacha kuhangaika na madirisha akabaki na lugha.

Muda wa mkono

Mchezo hutazama mambo kwa jicho lingine. Anayecheza gemu, kama vijana wa pwani wanavyoiita michezo ya kompyuta, hajali sana kama herufi ndogo ina kingo laini. Anachojali ni kwamba akibonyeza kitufe cha pedi, mchezaji wake apige mpira hapohapo. Muda kati ya kitufe na picha hujengwa na hatua kadhaa, na skrini ni mojawapo tu. Kioo kinachochora picha upya mara 60 kwa sekunde, yaani kwa kasi ya hezi 60, hutoa picha moja kila baada ya milisekunde 16.7, kinachochora mara 120 hutoa picha kila baada ya milisekunde 8.3, na mwendo huonekana laini zaidi. Juu ya hapo kuna kazi ya ndani ya skrini yenyewe: televisheni nyingi huifanyia picha usafi wa aina nyingi kabla ya kuionyesha, zikiongeza rangi na kubuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini, na usafi huo huweza kugharimu milisekunde 100 au zaidi, muda unaotosha kumfanya kipa adake hewa. Ndiyo sababu skrini na televisheni za kisasa zina hali ya mchezo, ambayo huzima usafi huo, na mtu aliyenunua televisheni kubwa kwa matumizi yote mawili anapaswa kuitafuta hali hiyo katika menyu siku ya kwanza, kabla hajailaumu mashine au mkono wake.

Hatua nyingine ni kompyuta inayochora picha. Pikseli milioni nane na robo zikichorwa mara 60 kwa sekunde ni karibu pikseli milioni 498 kila sekunde, na kadi ya grafiki, yaani kifaa cha ndani kinachofanya uchoraji huo, hulemewa ikiwa ni ya bei ya chini. Hapa 4K ina fadhila ambayo wengi hawaijui: kwa kuwa ni mara mbili kamili ya nukta 1,920 kwa upana na mara mbili kamili ya 1,080 kwa kimo, mchezo unaweza kuchorwa kwa ubainifu mdogo, kila pikseli yake ikajaza mraba wa pikseli nne za kioo bila ukungu. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya wastani hufanya kazi zake za mchana kwa ubainifu wote, na usiku hucheza kwa robo yake, na kioo kilekile hufaa kwa yote mawili.

Hatua ya mwisho ni mtandao, nayo humhusu anayeshindana na mtu wa mbali. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi katika kebo ya kilomita 7,000 hakuwezi kupungua milisekunde 70. Kwa satelaiti iliyosimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenda na kurudi hupita milisekunde 470, na mchezo wa kasi hauwezekani hata mtu akiwa na kioo bora duniani. Somalia imeyaonja haya kwa uchungu: katikati ya 2017 meli iliharibu kebo ya baharini ya EASSy inayoingia Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya nchi ikakaa bila intaneti ya kawaida kwa wiki tatu hivi. Satelaiti za chini kama za Starlink, iliyopewa leseni nchini Somalia mwezi Aprili 2025, zinazunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi na hupunguza sana uchelewaji huo. Hata hivyo, mnunuzi asisahau kwamba hakuna skrini inayoweza kurudisha muda uliopotea njiani.

Mchezo unaopendwa zaidi pwani, kandanda ya watu wawili wenye pedi mbili mbele ya kioo kimoja, hauhitaji mtandao hata kidogo, na hapo ndipo skrini kubwa inapong'ara. Wachezaji wa eFootball ya Konami, au wa EA Sports FC, iliyojulikana kama FIFA hadi 2023, huketi mita mbili kutoka kwenye kioo, pengine juu ya mkeka, na kwa umbali huo skrini ya inchi 43 hujaza digrii 27 za upeo wao, ikiwatosha wachezaji wawili na watazamaji wao. Thamani ya kukaa pamoja namna hiyo haipaswi kudharauliwa katika mji huu. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, makundi ya wapiganaji ya Al-Shabaab na Hizbul Islam yalipiga marufuku kutazama mechi katika maeneo yao ya kusini mwa Somalia, na Kismayu wakati huo ilikuwa chini ya Al-Shabaab, walioushika mji tangu 2008 hadi walipouacha mwishoni mwa Septemba 2012. Vijana kukusanyika mbele ya kioo na kushangilia bao bila hofu ni haki ya kawaida ambayo kizazi kimoja kilinyimwa, na chombo kinachowakusanya kinastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule unaotumika kuchagulia chombo cha kazi.

Pale matumizi mawili yanapogombana

Kwa miaka mingi skrini za kazi na skrini za mchezo zilikwenda njia mbali mbali. IBM ilipotoa skrini ya T220 mwaka 2001, na ya T221 baada yake, zenye inchi 22.2 na nukta 3,840 kwa 2,400, ilikuwa imewalenga watu wanaosoma picha za kitabibu, za satelaiti na za uhandisi. Bei yake ilikuwa ya maelfu mengi ya dola, na kasi yake ya kuchora ilikuwa ndogo mno kwa mchezo. Mwaka 2013 kampuni ya Seiki ilitoa televisheni ya 4K ya inchi 39 kwa karibu dola 700, na waandishi wengi wa programu waliinunua waifanye skrini ya kazi, lakini iliweza kupokea picha 30 tu kwa sekunde kwa ubainifu wake wote, na kielekezi cha kipanya kilionekana kikiruka. Chanzo cha kasoro hiyo ni cha kujifunzia hadi leo. Picha ya 4K ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kila pikseli ikiwa na biti 24 za rangi, ni karibu gigabiti 12 kwa sekunde; HDMI, yaani njia ya kebo inayoipeleka picha kwenye skrini, katika toleo la 1.4 ina uwezo wa gigabiti 10.2, kwa hiyo haiwezi kuupitisha mzigo huo, na toleo la 2.0 la mwaka 2013, lenye gigabiti 18, ndilo lililoufungua mlango. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 lina gigabiti 48 na huruhusu picha 120. Kiungo dhaifu kabisa ndicho kinachotawala: kompyuta, tundu, kebo na skrini vyote lazima viwe vya toleo linalotosha, na mtu aliyechomeka kebo kuukuu katika skrini mpya atapata picha 30 kwa sekunde bila kuambiwa kwa nini. Mnunuzi wa vifaa vilivyokwisha kutumika na akague hili kabla hajatoa fedha.

Ugomvi wa pili ni wa kioo chenyewe. Aina ya IPS huhifadhi rangi hata ikitazamwa kutoka pembeni, jambo linalomfaa yule mchezaji wa tatu aliyekaa pembezoni mwa mkeka, lakini weusi wake huelekea kuwa wa kijivu gizani. Aina ya VA hutoa weusi mzito zaidi unaopendeza katika mchezo wa usiku, ila rangi zake huchuja mtazamaji anapokaa ubavuni, na katika kioo kikubwa kilicho karibu hata mtu aliye katikati huziona pembe zikibadilika. Aina ya OLED, ambayo kila pikseli yake hutoa mwanga wake yenyewe, ina weusi kamili na mwendo wa haraka kuliko zote, lakini kitu kisichosogea kikibaki kwenye kioo saa nyingi kila siku, kama ukanda wa menyu ulio chini ya kazi za ofisini, huweza kuacha kivuli cha kudumu. Kwa nyumba yenye kioo kimoja kinachofanya kazi saa nane na kuchezewa saa mbili, IPS ndiyo inayopatanisha matumizi yote kwa hasara ndogo zaidi.

Umeme, jua na chumvi

Skrini ya inchi 43 hutumia kwa kawaida kati ya wati 50 na 100, kutegemea mwangaza uliochaguliwa. Ikichukuliwa wati 70 kwa saa nane, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya uniti moja ya umeme kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 100, aina inayotumika sana katika mifumo ya sola, huhifadhi uniti 1.2, na kwa kuwa haipendezi kuitumia zaidi ya nusu yake ili idumu, itaendesha skrini peke yake kwa saa saba au nane, kabla kompyuta haijahesabiwa. Kompyuta ya kuchezea yenye kadi kubwa ya grafiki hutumia mara kadhaa ya hapo. Hesabu hii inaonyesha kwamba mzigo mzito wa umeme uko kwenye kompyuta kuliko kwenye kioo, na kwamba anayetumia kompyuta ya mapajani iliyounganishwa na skrini kubwa atafanya kazi kwa sehemu ndogo ya gharama ya anayetumia mashine ya mchezo. Kupunguza mwangaza nako huokoa, mradi skrini isiwekwe ikikabili dirisha. Kismayu iko chini kidogo tu ya ikweta na pwani yake hulitazama jua la asubuhi likipanda kutoka baharini, hivyo kioo kinapaswa kuwekwa ubavu kwa dirisha, ili mtu asishindane na jua kwa kuongeza mwanga wa betri.

Umeme unaopanda na kushuka huua vifaa mapema kuliko umri wake, na stabilaiza, au UPS, yaani betri inayokaa kati ya ukuta na mashine, si nyongeza bali ni sehemu ya bei ya skrini. Hewa ya visiwani nayo ina adui wake: chembe za chumvi huvuta unyevu, hukaa kwenye matundu ya kebo na kuzila metali zake polepole, hasa katika miezi ya kusi wakati upepo unapopeleka mvuke wa bahari ndani ya nyumba. Kitambaa kikavu cha kila siku, kioo kufunikwa baada ya kupoa, na matundu yasiyotumika kuzibwa, ni kazi ya dakika moja inayoongeza miaka.

Namna ya kuamua

Kwa mpangilio unaofaa, basi, mnunuzi wa Kismayu au wa visiwani aanze kwa kupima kina cha meza au ukuta, kisha achague ulalo: inchi 43 kwa sentimita 80 na zaidi, inchi 32 kwa pungufu ya hapo. Ahakikishe kwamba kompyuta, tundu na kebo vinapitisha picha 60 kwa sekunde kwa ubainifu wote. Atafute hali ya mchezo. Achague IPS ikiwa kioo ni kimoja. Na ahesabu umeme wa mfumo mzima kabla ya kuagiza, kwa sababu skrini isiyoweza kuwashwa jioni haitamfaa mfanyakazi wala mchezaji.

Sababu ya kuhimiza uangalifu wote huu inazidi starehe ya mtu mmoja. Familia nyingi zitanunua kioo kikubwa kwa ajili ya kandanda, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini kioo kilekile, kikichaguliwa kwa vipimo sahihi, kinaweza kumwonyesha kijana miamba ya Koyama na Chovai kwa undani, na kumwezesha kuyaandika maneno ya bibi yake kabla hayajapotea. Wabajuni wameandikwa sana na wageni. Wakati umefika kwa vijana wao, wakiwa na chombo walichokinunua kwa mchezo, kushiriki wenyewe katika kuichora pwani yao na kuihifadhi lugha yao, na uchaguzi mzuri wa skrini ni mojawapo ya hatua ndogo zinazoifanya kazi hiyo iwezekane nyumbani.